FORD ilinunuliwa, au ilijivunja yenyewe?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Juni 2024 nilikuwa barabarani Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Wenzetu walipigwa risasi. Mwezi mmoja baadaye vigogo wa upinzani wakatajwa kuwa mawaziri. Babu yangu alicheka, akaniambia hata ile FORD, chama cha upinzani cha 1992, Rais Moi aliinunua kwa noti tu, kwa hiyo nisishangae. Ni kweli FORD ilinunuliwa? Na kwa nini viongozi wa upinzani huanza kugombana na kula pesa wakati watu bado wanakufa?"

Jibu: Marahaba. Babu yako anajua anachosema, ila amegeuza mpangilio. Pesa zilikuwepo, tena nyingi, na nitakuonyesha zilipopitia. Lakini fuata tarehe. FORD ilikuwa imeshapasuka vipande viwili karibu mwaka mzima kabla ya kinara wake kukiri hadharani kwamba alipokea fedha za mtu aliyekuwa na deni la maelezo kwa taifa. Ugomvi ulitangulia, mlungula ukafuata. Mpangilio huo ukiukosa, utatumia maisha yako yote ukitafuta kiongozi asiyeweza kununuliwa, na utachoka.

Tuanze na mambo unayoyajua, nipite haraka. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A kwenye Katiba, KANU, chama cha Moi, ikawa chama pekee kwa sheria. Mwaka 1988 watu walipigishwa kura kwa mlolongo, na wengi waliokuwa na mstari mrefu walitangaziwa kwamba wameshindwa. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha wanahabari wakadai vyama vingi. Mwanzoni mwa Julai wakatiwa kizuizini pamoja na Raila Odinga. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, watu walikwenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, bila wao. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa na watu wasiopungua 20 waliuawa.

Ona jambo hilo vizuri: siku ambayo damu ilimwagika kwa wingi zaidi, walioitisha mkutano walikuwa korokoroni. Waliokufa hawakuwa na kadi ya chama chochote cha upinzani, kwa sababu chama hicho hakikuwepo.

FORD ilizaliwa Agosti 1991 ikiwa na majina sita tu: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz. Yasome tena majina hayo na mahali wanapotoka: Nyanza, Magharibi, Kati, Ukambani, Pwani. Aliyeyapanga alijua hesabu ya Kenya. Nyuma yao wakasimama mawakili na wasomi wa kizazi cha chini: Paul Muite, Gitobu Imanyara, James Orengo, Anyang' Nyong'o na Raila mwenyewe. Walikuwa na adui mmoja na dai moja, kwamba 2A iondoke.

Dai hilo likatimizwa upesi mno. Novemba 16 walijaribu kufanya mkutano Kamukunji, wakakamatwa. Kabla mwezi haujaisha, wafadhili waliokutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Mapema Desemba, kule Kasarani, Moi akawaambia wajumbe wa KANU kwamba vyama vingi vinarudi, na tarehe 10 Bunge likafuta kifungu. Tangu FORD itangazwe ilikuwa imepita miezi minne tu. Kitu pekee kilichowaweka pamoja kikawa kimekwisha, na uchaguzi ulikuwa bado mwaka mzima mbele, tena tarehe yake Moi aliifanya siri yake.

Mwaka huo mmoja ndio wa kuutazama kwa makini. Katika Januari 1992 umati uliofurika Kamukunji kuisikiliza FORD, vidole viwili juu kujibu kidole kimoja cha KANU, ulimfanya kila aliyekuwa jukwaani aamini kwamba kiti cha urais kimeshapatikana na kilichobaki ni kujua nani akikalie. Hakuna kinachovunja upinzani haraka kama kuonja ushindi kabla ya kura. Mwai Kibaki, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akisema kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe, alijiuzulu uwaziri siku ya Krismasi 1991 na kuanzisha Democratic Party. Hakujisumbua hata kubisha hodi FORD. Aliona foleni ya wagombea pale ni ndefu.

Matiba alikuwa London akitibiwa. Alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na aliporudi Mei 1992 mapokezi yake yaliifunika Nairobi. Hapo FORD ikawa na watu wawili ambao kila mmoja aliamini, na kwa sababu za kueleweka, kwamba anaidai nchi. Jaramogi alikuwa amepita miaka 80. Alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, akatoka serikalini 1966, akafungwa, akafungiwa nje ya siasa miaka mingi. Matiba alikuwa ndiye aliyeuvunja ukimya 1990, na mwili wake ulikuwa umelipa. Wapambe wa huyu walinong'ona kwamba yule ni mzee mno, na wapambe wa yule wakanong'ona kwamba huyu hana afya. Minong'ono yote miwili ilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana iliuma.

Ugomvi wenyewe ulivaa nguo ya kanuni. Je, mgombea urais achaguliwe na wajumbe kwenye mkutano mkuu, au kila mwanachama apige kura? Kambi ya Jaramogi ilitaka wajumbe. Kambi ya Matiba na Shikuku ilitaka kura ya wanachama wote. Ukisikiliza hoja peke yake, utasema Matiba ndiye mwanademokrasia. Ukitazama nani anafaidika, utaona kila kambi ilichagua njia ambayo ingeipa ushindi: Jaramogi alikuwa mwenyekiti wa muda na watu wake walikuwa wameushika mtandao wa chama, Matiba alikuwa na mapenzi ya umati. Hakukuwa na katiba ya chama iliyokomaa ya kuamua, wala mzee wa kusema basi na wote wakanyamaza. Wengi walimwona Masinde Muliro kama mtu ambaye angeweza kupatanisha. Agosti 14, 1992 alianguka na kufariki uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London.

Baada ya hapo chama kimoja kikawa na ofisi mbili. Ukitaka FORD ya Jaramogi unaenda Agip House, ukitaka FORD ya Matiba unaenda Muthithi House. Mwananchi wa kawaida alibaki na kadi mkononi asijue ni ya nyumba ipi. Oktoba, Msajili akaziandikisha zote mbili: FORD-Kenya na FORD-Asili. Serikali iliyokuwa hodari wa kukataa kuandikisha vyama ilikuwa mkarimu ghafla.

Matokeo ya Desemba 29, 1992 unaweza kuyakariri: Moi kura 1,962,866, Matiba 1,404,266, Kibaki 1,050,617, Jaramogi 944,197. Moi alishinda kwa kura kama 36 katika kila 100. Bungeni KANU ilipata viti 100, na vyama vyote vya upinzani kwa pamoja 88. Usinielewe vibaya, uchaguzi huo haukuwa safi: Bonde la Ufa wagombea wa upinzani walizuiwa kufikisha karatasi zao na wabunge zaidi ya 10 wa KANU wakapita bila kupingwa, na mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 yalikuwa yameshawafukuza maelfu makwao. Lakini wizi huo ulihitaji upinzani uliogawanyika ili utoshe.

Sasa pesa.

KANU haikuwa na shida ya pesa. Ilikuwa na kundi la Youth for KANU '92 chini ya Cyrus Jirongo, ambalo lilimwaga fedha kiasi kwamba noti ya shilingi 500 watu waliibandika jina lake: ukitaka kubadilishiwa, unasema "nivunjie Jirongo". Sehemu ya mafuta hayo ilitoka kisima cha Goldenberg. Goldenberg, kampuni ya Kamlesh Pattni, ililipwa na Hazina fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo dhahabu yake ni haba na almasi haina kabisa. Fedha zilizochapishwa na kutoroshwa kipindi kile tulizilipa sote: mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Uliza nyumbani kwenu mshahara ulinunua nini mwaka huo.

Upinzani ulikuwa na nini? Mifuko ya wagombea. Wakati ule hakukuwa na hazina ya umma ya kusaidia vyama. Sheria hiyo ilikuja 2007. Chama kilitakiwa kuweka wagombea nchi nzima, kulipia magari, mawakala, vipaza sauti, mabango, na kulisha vijana waliolala ofisini wakilinda milango. Mtu mwenye fedha ndiye aliyekuwa chama. Matiba, tajiri wa hoteli na shule, alitumia mali yake, akakopa, na biashara zake baadaye zikafilisiwa. Ningependa babu yako alitaje jina hilo anaposema wote walinunuliwa. Wapo waliojinunulia wenyewe hadi wakaisha. Lakini hata hilo lina madhara yake: chama kinacholishwa na mfuko wa mtu mmoja hakiwezi kumwambia mtu huyo akae pembeni.

Jaramogi hakuwa na hoteli za kuuza. Baada ya uchaguzi FORD-Kenya ikawa upinzani rasmi, na yeye akawa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, yaani kamati ambayo kazi yake ni kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Wakati huohuo wabunge wa chama chake, Muite na Nyong'o, ndio waliopewa nyaraka za Goldenberg kutoka ndani ya Benki Kuu. Aliyezitoa ni karani kijana, David Munyakei. Alikamatwa 1993, akafukuzwa kazi, na hata kesi yake ilipokufa hakurudishwa. Alifariki 2006 bila kupata tena ajira ya maana.

Na katika mwaka huohuo wa 1993 ikajulikana, na Jaramogi mwenyewe akakiri, kwamba alikuwa amepokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Pattni. Utetezi wake ulikuwa kwamba ni mchango wa shughuli za chama. Weka mambo hayo mawili juu ya meza moja. Karani anapoteza mkate wake ili upinzani upate ushahidi. Mwenyekiti wa upinzani anapokea fedha kutoka kwa mtu ambaye ushahidi ule unamhusu.

Je, alinunuliwa? Nimeliwaza swali hili miaka mingi, na jibu langu halitampendeza mtu yeyote. Sidhani milioni 2 zilibadilisha msimamo wake. Tayari alikuwa ameanza kuhubiri ushirikiano na serikali ya Moi, kwa sababu alikuwa mzee, ameshindwa uchaguzi, na watu wake wa Nyanza walikuwa wamekaa kwenye baridi ya serikali tangu 1966. Angeshirikiana hata bila senti. Kosa lake, na ni kosa kubwa lisilo na udhuru, lilikuwa kwamba kiti alichokalia hakikumruhusu kupokea hata nauli kutoka kwa mtu yule. Na hasara ilikuwa kubwa kuliko kiasi: tangu siku hiyo, kila mbunge wa FORD-Kenya aliyesimama kuuliza habari za Goldenberg aliweza kuambiwa akamuulize kwanza mwenyekiti wake. Kwa shilingi milioni 2, kashfa ya mabilioni ilipata kinga. Sijui bei nafuu kuliko hiyo katika historia yetu.

Kilichofuata ni tena suala la ugomvi. Imanyara aliondolewa ukatibu mkuu, Muite akajiuzulu umakamu mwenyekiti. Wengine waliondoka kwa sababu ya maadili, wengine walikuwa wakisubiri sababu. Januari 1994 Jaramogi alifariki, na Wamalwa Kijana na Raila wakaanza kuvutania chama kilichobaki hadi Raila akatoka mwishoni mwa 1996 na kuhamia chama cha NDP. Katikati ya hayo wabunge kadhaa wa upinzani walihamia KANU mmoja mmoja, kila mmoja na hotuba yake ya maendeleo. Hao ndio babu yako anaowakumbuka, nadhani, na kwao usemi wake unafaa zaidi. Lakini hata hao waliuzika kwa sababu chama walichokuwa ndani yake kilikuwa kimeshakuwa vipande. Mbunge anayeona chama chake kinaelekea Ikulu hauziki kwa urahisi. Bei yake inakuwa juu mno. Mbunge anayeona wakubwa wake wanashitakiana kortini, huyo unampata kwa ahadi ya barabara na kiti cha unaibu.

Ndiyo maana nasema ugomvi ndio mlango. Kuna sehemu ya swali lako ambayo watu huiruka: kwa nini wagombane *wakati watu wanakufa*, si baadaye? Kwa sababu vuguvugu la mitaani lina nguvu ya kusukuma lakini halina mkono wa kusaini. Siku serikali inapotikisika, inatafuta mtu wa kuzungumza naye, na yule atakayeonekana kwamba ndiye anayeweza kuwarudisha watu majumbani anakuwa mtu muhimu kuliko wote. Kila kiongozi anajua dirisha hilo hufunguka mara moja na kwa muda mfupi. Mwenzake akitangulia, yeye amekwisha. Kwa hiyo kadiri risasi zinavyozidi, ndivyo mbio za kwenda mezani zinavyozidi kuwa kali. Si lazima wawe watu wabaya kupindukia. Wasipokuwa na makubaliano ya awali kuhusu nani anasema kwa niaba ya nani, hata mwadilifu ataogopa kubaki nyuma.

Mwaka 1997 tuliliona tena, safari hii bila fedha za kuonekana. Asasi za kiraia na wanasiasa waliungana chini ya Baraza la Kitaifa lililodai katiba mpya kabla ya uchaguzi. Saba Saba ya mwaka huo polisi waliua watu, wengine walipigwa hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Shinikizo lilipopanda, wabunge wa upinzani wakakaa na wa KANU wakaafikiana marekebisho machache, ule mpango ulioitwa IPPG, na wale waliokuwa barabarani wakaachwa nje ya mlango. Marekebisho hayakuwa bure, yalilegeza sheria za mikutano na kuwapa upinzani viti katika tume ya uchaguzi. Lakini walioenda mezani walikwenda kama wabunge wanaotaka kurudi bungeni, na ndicho walichokipata. Moi alishinda tena, wapinzani wake wakuu wakiwa wanne.

Mwaka 2002 ndio ushahidi wangu wa upande wa pili. Kibaki, Wamalwa na Charity Ngilu walimaliza suala la mgombea mapema, wakagawana nafasi kwa maandishi, na Raila alipoingia Oktoba na kutamka "Kibaki Tosha" pale Uhuru Park, hakukuwa na Agip House wala Muthithi House. Kibaki alipata zaidi ya asilimia 60. Walikuwa ni watu walewale. Hawakuwa wametubu wala kuzaliwa upya. Wengi wao walikuwa na fedha za mashaka nyuma yao, na serikali waliyoiunda ikaingia kwenye kashfa ya Anglo Leasing kabla haijatimiza miaka miwili. Kilichobadilika ni kwamba swali la nani agombee lilijibiwa kabla ya kampeni, kwa hiyo KANU ilikosa ufa wa kupenyeza noti zake.

Nije kwenu. Mliposema hamna kiongozi, hamna kabila, hamna chama, mliziba mlango mmoja kwa ustadi ambao wazee wa 1992 hawakuwa nao. Hakukuwa na wa kununua. Ikulu ilimtafuta wa kuzungumza naye hadi mtandaoni. Lakini Julai 11 Rais Ruto alipovunja baraza la mawaziri, meza ilibaki wazi, na waliokuwa na chama chenye ofisi, wabunge na kinara ndio waliokaa. John Mbadi akaenda Hazina, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Ushirika. Wote wa ODM, chama cha Raila. Sina ushahidi kwamba kuna aliyelipwa, na sitasema hivyo. Tena hakukuwa na haja ya kulipa. Hawakuwa wamewasaliti kwa maana ya kisheria, kwa sababu hamkuwa mmewatuma, na kwa kuwa hamkumtuma mtu yeyote, hakuna aliyehitaji ruhusa yenu kusaini kwa ajili ya utulivu mlioulipia ninyi.

Kwa hiyo ukiniuliza utambueje mapema, usipoteze muda kupima nani ana hotuba kali. Uliza akaunti ya benki iko kwa jina la nani na nani anasaini. Uliza mgombea atapatikanaje na kanuni hiyo imeandikwa lini. Ikiandikwa baada ya wagombea kujulikana, imeandikwa kwa ajili ya mmoja wao. Uliza nani amekutana na serikali peke yake, bila shahidi kutoka kundi lake, na aliporudi alisema nini.

La akaunti unaweza kuanza nalo hata wiki hii. Chama kinachopata mgao wa Hazina ya Vyama vya Siasa kinakula kodi yako, hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inampa mwanachama haki ya kwenda makao makuu saa za kazi na kukagua kumbukumbu za chama kwa kulipa ada. Ni wachache mno wanaoitumia haki hiyo. Kabla hujaenda, hakikisha kwanza kwa Msajili wa Vyama jina lako limeandikishwa wapi, maana Wakenya wengi wamejikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia.